Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya nishati Zanzibar: athi ya nyumba zetu imekwenda wapi?

Assalamu alaikum Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu friji. Ni ya bi mkubwa mmoja wa Mkunazini, anakaa ghorofa ya pili, na kila akiigusa miguu mitupu ilikuwa inamtekenya. Neno hilo ni lake, na alilisema huku akicheka. Wajukuu walishazoea kufungua mlango wake kwa kanga. Mimi ni fundi umeme wa siku nyingi hapa Mji Mkongwe, na niliposikia habari ya kanga niliiacha chai yangu mezani.

Friji yenyewe ilivuja umeme kidogo tu, kama zivujavyo nyingi zilizozeeka. Nyumba ndiyo iliyokuwa haina athi, yaani njia ya kuupeleka ardhini umeme uliovuja. Waya wake wa kijani ulikuwepo, umekazwa kwa klipu kwenye bomba la maji la chuma, kama walivyofanya mafundi wengi wa zamani, kwani bomba lile lilikuwa likishuka mpaka ardhini. Baadaye likaoza. Akaja fundi bomba, akakata kipande cha chini na kutia cha plastiki. Kazi yake aliifanya vizuri, maji yanatoka mpaka leo. Hakuna aliyemwambia kwamba bomba lile lilikuwa na kazi mbili.

Sasa fikiria, Mheshimiwa, nyumba yenye familia tano zinazotumia waya mmoja wa kijani usiofika popote. Jiko la umeme la mpangaji wa chini likipata hitilafu, umeme unapanda kwa waya huohuo na kutokea kwenye friji ya ghorofa ya pili, kwenye pasi ya chumba cha pili, na kwenye mashine ya kufulia ya uwani. Waya uliowekwa ili uwalinde watu ndio unaowapelekea hatari vyumbani. Kuwa na athi iliyokatika njiani ni kubaya kuliko kutokuwa nayo kabisa.

Nyumba zetu unazijua. Kuta za mawe na chokaa zinanyonya unyevu na chumvi, na paipu za chuma zilizopitishiwa nyaya zinaliwa na kutu humo ndani bila mtu kuona. Baada ya Mapinduzi nyumba nyingi ziligawanywa vyumba kwa vyumba, na kila aliyeingia aliongeza swichi yake. Kisha giza la mwaka 2008, na lile la miezi mitatu lililoanza Disemba 2009, likatuletea majenereta, na kila jenereta na nyaya zake. Umeme ulirudi, nyaya nyingi hazikuondolewa. Naogopa zaidi kisanduku cha maungio kwenye ngazi ya nyumba ya Mji Mkongwe kuliko nguzo ya barabarani.

Rangi nazo ni mtihani. Tulirithi za Waingereza: nyekundu ni laivu (waya unaoleta umeme), nyeusi ni nyutro (unaourudisha), na kwenye fezi tatu, yaani laivu tatu kwa pamoja, zikaja nyekundu, njano na bluu. Waingereza wenyewe waliziacha mwaka 2006 kwa kazi mpya. Leo madukani laivu ni kahawia na nyutro ni bluu, na kebo ya fezi tatu ina kahawia, nyeusi na kijivu. Maana yake, waya mweusi uliokuwa nyutro kwa babu ni laivu kwa mjukuu, na bluu iliyokuwa fezi kwa babu ni nyutro kwa mjukuu. Kijana wangu wa kazi alifungua kisanduku hotelini, akaona bluu, akanyoosha mkono. Ilikuwa fezi ya zamani. Nilimpiga kikumbo, akanikasirikia mpaka nilipomwekea testa mbele ya macho.

Kuna na hila nyingine nitakayoitaja hapa ingawa wenzangu watanichukia. Mwenye nyumba anataka soketi ya pini tatu, athi hakuna, basi fundi anaunganisha pini ya athi na nyutro humo humo ndani ya soketi. Kile kipimo kidogo cha kuchomeka kitawasha taa za "sawa". Siku nyutro ikikatika huko nyuma, bati la friji linabeba volti 230, na hakuna breka itakayoshuka.

Hata athi ya kweli haitoshi peke yake. Chukua fimbo ya athi iliyopigwa kwenye udongo mkavu, ikasoma ohmu 100 za ukinzani. Gawa 230 kwa 100: hitilafu inapitisha ampea 2.3 tu, na breka ya ampea 32 haitajua kama kuna jambo. Anayejua ni ELCB ya miliampea 30, swichi ya usalama inayolinganisha umeme unaoingia na unaorudi na kukata mara moja unaorudi ukipungua. Tena hiyo haidai kuchimba kuta za mji ulio urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Inakaa karibu na mita, basi.

Ombi langu ni karatasi moja. Kila nyumba ya Mji Mkongwe inapofanyiwa matengenezo kwa kibali, au inapobadilishwa bomba, athi ipimwe kwa mita yake hasa, na karatasi ibandikwe kando ya mita ya umeme: ohmu ngapi, tarehe gani, fundi gani, ELCB imejaribiwa au la, na kama nyumba ina rangi mbili za nyaya. Ipimwe wakati wa kaskazi, ardhi ikiwa kavu, kwani masika hata fimbo mbovu husoma vizuri. Naomba muanze na nyumba ambazo Serikali yenyewe ndiyo mwenye nyumba, na zile za Wakf. Huko hakuna wa kubishana naye kuhusu gharama.

Kwa bi mkubwa tulipiga fimbo uwani, tukagonga mwamba wa matumbawe kabla haijazama nusu. Tukahamia kando ya kisima cha zamani, kwenye unyevu, ikaingia. ELCB ipo, na kanga imerudi kiunoni. Nyumba ya jirani yake bomba ni la plastiki vilevile. Nimeshabisha hodi mara tatu, mwenyewe anasema friji yake haina tatizo.

Wako mtiifu,
Fundi umeme, Mji Mkongwe