Wahandisi wapya wapandishwe nguzo kwanza

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nikiwa kazini na sijawahi kukuandikia. Ile habari yenu ya wahandisi vijana wa umeme waliomaliza mafunzo, wamejipanga ukumbini na vyeti mkononi, ndiyo iliyoninyanyua kibarazani. Picha ile nimeitazama mara tatu nikimtafuta mwenye mkanda wa kupandia nguzo. Hayupo. Kofia ngumu iko moja, na nailoni yake haijatolewa.

Nimefanya kazi ya laini za umeme miaka 31, Lindi, Nachingwea, Masasi hadi Newala. Ninachosema nakijua.

Ramadhani iliyopita, daku imekaribia, taa ya sebuleni kwangu iliwaka nyeupe kama mchana na feni ikanguruma kama inataka kung'oka darini. Nyumba ya pili, kwa mama muuza maandazi, taa ikafifia kama kibatari kinachoisha mafuta. Fundi yeyote aliyeshika plaizi anajua hapo nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, imekatika. Nyumba zinajikuta zimefungwa baina ya fezi mbili, yaani nyaya mbili zenye moto, kwenye volti 400 badala ya 230, na mwenye matumizi madogo ndiye anayebebeshwa volti nyingi. Nilikimbilia swichi kuu. Friji ikawa imeshatangulia, na kilo sita za samaki changu ndani yake.

Kikosi kilifika asubuhi na mhandisi wake, kijana mwenye adabu, shikamoo yake safi. Akafungua kishikwambi, akaniambia kwenye mfumo laini ni nzima, sisi ndio tumezidisha mzigo, tupunguze pasi na majiko. Pasi saa kumi usiku, Mhariri! Nikamwambia, mwanangu, mpandishe mtu kwenye transfoma akague kibano cha nyutro. Akajibu, "Babu, tuachie, tutalifanyia kazi." Wala si yeye aliyeniuma. Nyuma yake alisimama fundi mwenye mvi, ameegemea ngazi, macho yake yako kulekule yaliko yangu. Alijua! Alinyamaza kwa sababu mkubwa wake ana digrii na yeye hana. Zikapita saa mbili, televisheni ya jirani ikaifuata friji yangu, ndipo yule fundi mwenye mvi akaambiwa apande. Akakuta waya wa shaba umefungwa moja kwa moja juu ya alumini, bila kiunganishi chake, na chumvi ya bahari imekula pale mpaka pamekuwa unga mweupe. Chumvi hiyohiyo hujipaka kwenye vikombe vya laini, vile vinavyoshika waya nguzoni, kiangazi kizima, na manyunyu ya kwanza yakidondoka vikombe vinapiga cheche, mtaa unalala gizani. Najua vitabuni imo. Lakini vitabuni hainuki.

Kijana mwenyewe si mjinga. Baadaye alinichorea mchangani kwa kijiti mishale ya fezi tatu, akapiga hesabu ya volti zilizoniunguzia friji, harakaharaka, kuliko ambavyo ningeweza mimi. Mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi wa kuwanoa wahitimu kazini ni wa miaka 3, na ni jambo jema. Ninachouliza ni siku ngapi katika miaka hiyo ni za ngazi, na ngapi ni za semina yenye chai, sambusa na bahasha.

Na maadam nimeshaanza, wale wakata miti nao. Walikuja mtaani kwetu kusafisha njia ya umeme, wakaukata mwembe wa dodo wa jirani uliokuwa mbali na waya, wakauacha mnazi ambao kila kusi ikivuma makuti yake yanachapa laini. Matawi wakayatupa mlangoni kwangu. Yapo mpaka leo, mbuzi wameshamaliza majani. Gesi ya Mnazi Bay, Mtwara, inayozalisha umeme, iligunduliwa mwaka 1982, bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika 2015, na sisi tunaoishi karibu na kisima bado tunabishana na kuti la mnazi.

Dawa yake ni hii. Kila mhandisi mpya apangiwe chumba mwisho kabisa wa laini, huko Rondo au Kitangari, miezi sita, kuanzia mvua za kwanza. Luku anunue kwa fedha zake. Apewe friji ya mtumba na kilo sita za changu, alizonunua mwenyewe. Mchana abebe ngazi ya fundi asiye na digrii na amwite mwalimu, mbele za watu. Kishikwambi akiache kwa mwenye nyumba, atarudishiwa siku ya kuondoka.

Akikosekana wa kumfundisha, wastaafu tupo. Mimi baada ya alasiri huwa kibarazani, pembeni ya friji iliyoungua. Ngazi ninayo, ila pawe na mtu wa kuishika kwa chini, maana magoti yangu si ya kuaminika tena.

Fundi laini mstaafu,
Mikumbi, Lindi