Muulizeni na mama kuhusu mkojo

Ndugu Mhariri,

Mama anaporudi kliniki wiki ya sita baada ya kujifungua, mtoto hupimwa uzito, hukaguliwa na huchanjwa. Mama mwenyewe huulizwa kama maziwa yanatoka na kama ameshachagua njia ya uzazi wa mpango. Kama mkojo humtoka bila kutaka, haulizwi. Naye hasemi, kwa sababu ni aibu, na kwa sababu wakubwa wamekwisha kumwambia ndivyo uzazi ulivyo. Basi anavaa pedi kila siku, anapunguza maji ya kunywa, na chafya ikimjia anabana mapaja.

Mimi ni mkunga, na najua wenzangu watanuna, lakini aibu hii tunaifuga sisi. Karibu theluthi moja ya wanawake waliojifungua huvuja mkojo. Tatizo la wengi kiasi hicho halipaswi kusubiri mgonjwa ajikaze alitaje.

Misuli ya sakafu ya nyonga imetandaa kutoka mfupa wa kinena hadi kwenye kifandugu, ikibeba kibofu, mji wa mimba na njia ya haja kubwa. Ujauzito huilemea kwa miezi, na kujifungua kwa njia ya kawaida huivuta, pengine hata kuichana. Aliyefanyiwa upasuaji naye asidhani amesalimika, kwani uzito aliubeba vilevile.

Mazoezi ya misuli hii si jambo la jana. Daktari Mmarekani Arnold Kegel aliandika kuyahusu mwaka 1948. Tatizo ni namna tunavyoyafundisha: "Uwe unabanabana, mama," tunasema, huku tumeshamwita anayefuata. Akifika nyumbani anakaza matako, anazuia pumzi na kusukuma chini kama anayejifungua upya, yaani kinyume kabisa cha kinachotakiwa. Anapaswa kuvuta misuli ndani na juu, kama anayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, huku akipumua kawaida. Aishikilie kwa sekunde chache, kisha ailegeze yote. Wengi huruka hatua hiyo ya kulegeza, na ni nusu ya zoezi. Afanye mara nane, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu au zaidi. Asijizoeze kwa kukatiza mkojo chooni. Na akihisi kikohozi kinakuja, abane kwanza ndipo akohoe.

Ila wapo ambao misuli yao tayari imekakamaa, wanaumia wakati wa tendo la ndoa, na kuwaambia wabane ni kuwaongezea maumivu. Hao wanahitaji kufundishwa kulegeza. Ndiyo maana nasema karatasi ya maelekezo haitoshi. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi, humpima mama kwa ridhaa yake, akajua misuli imelegea, imekaza au mama anabana pasipohusika. Ufaransa mama huandikiwa vipindi vya tiba hii baada ya kujifungua, na bima ya taifa hulipa.

Wala tusingoje wiki ya sita. Utafiti umeonyesha kwamba mjamzito ambaye bado havuji, akianza mazoezi mapema, hupunguza uwezekano wa kuvuja mkojo mimba inapokua na katika miezi ya mwanzo ya kulea. Lakini anayetokwa na mkojo mfululizo, usiku na mchana, hata bila kukohoa, huyo asipewe mazoezi. Huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na anatakiwa kumwona daktari mara moja.

Ninachoomba kwa wanaopanga huduma ni mstari mmoja kwenye kadi ya mama, wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua: "Je, mkojo au haja kubwa hukutoka bila kutaka? Unahisi kitu kinashuka ukeni?" Atakayejibu ndiyo apewe rufaa siku hiyohiyo. Penye hospitali kubwa, mara nyingi fiziotherapia iko jengo la pili tu, inahudumia waliovunjika miguu.

Mkunga, msomaji wenu