Ziara za Magharibi zisimamiwe na wanaolijua eneo

Kwa Mhariri,

Naandika kuhusu ajira ya wasimamizi wa ziara za watalii huku Nyanza na Magharibi. Kampuni kadhaa huleta wageni pamoja na msimamizi kutoka Nairobi, kisha kijana wa hapa huitwa langoni, awatembeze kwa saa moja na kuambulia bahashishi.

Hilo linatuumiza, maana msimamizi ndiye anayeamua msafara uondoke saa ngapi na ukae wapi. Ukifika msitu wa Kakamega saa sita mchana, mgeni ataona miti. Ukifika alfajiri, atasikia mbega wakinguruma na pengine amwone ndege aitwaye turako mkubwa wa buluu akiruka tawi hadi tawi. Anayeujua msitu huo hawezi kuwachelewesha wageni hotelini wakinywa chai! Kule Kit Mikayi, kwenye mawe makubwa yaliyorundikana karibu na Kisumu, nimeshuhudia wageni wakisomewa historia ya mawe yale kutoka kwenye simu, ilhali kina mama walioisikia tangu utotoni wameketi hatua chache kando, hawaulizwi neno. Wageni kama hao hulala usiku mmoja tu, kisha wakaelekea Maasai Mara.

Serikali za kaunti za Kisumu na Kakamega ziwalipie vijana wetu karo ya mafunzo na mitihani ya waelekezi, ile ya ngazi za shaba, fedha na dhahabu. Kampuni nazo ziwaajiri kwa mkataba wa safari nzima, tangu wageni watue uwanja wa ndege wa Kisumu hadi waondoke.

Mwelekezi wa watalii,
Kisumu