Barua ya wazi kwa wajukuu mliomzika hawe (bibi) wenu kule Ganda, Malindi

Wajukuu zangu,

Ng'ombe mliochinja nimewaona, na chini ya hema lenu nimekaa. Fulana zenye picha ya hawe mlivaa wote, picha yenyewe ikiwa ya kitambulisho iliyokuzwa hadi macho yakapotea. Alivaa hata yule ambaye hajakanyaga Ganda tangu amalize darasa la nane. Hayo sina neno nayo. Neno langu ni ule wasifu mliousoma. Alizaliwa, aliolewa, alijaliwa watoto, alikuwa mcha Mungu, mkarimu na mwenye upendo, basi. Kisha mkaanza kujitambulisha ninyi: huyu yuko Doha, huyu meneja Nairobi, huyu ana digrii. Kipaza sauti kikazunguka mpaka kikamfikia mwanasiasa, naye akatupa habari za barabara na za kura huku jeneza likingoja juani. Nilitoka hangani nimefura.

Mcha Mungu. Nani kati yenu anaweza kuniambia alimcha vipi?

Mmoja wenu anatembeza watalii mjini. Nimemsikia kwa masikio yangu pale kwenye kikanisa cha Wareno kando ya bahari, akimweleza Mwitaliano kwamba Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542, safarini kwenda Goa. Alieleza vizuri, hakubabaika, na noti yake akapewa. Sasa mwulizeni huyo huyo hawe wake alibatizwa wapi, na kwa nini alichagua jina lile la ubatizo. Paa la kikanisa kile ni la makuti. Makuti kama yale ndiyo yaliyowasomesha baba zenu, na hilo nalo halikutajwa.

Basi nitasema mimi niliyekaa naye mkeka mmoja. Alikuwa akikaa chini ya mwembe, ufito umelala mapajani, anakunja jani la mnazi juu ya ufito, anapitisha kamba, anavuta, anakunja jingine. Ncha za vidole zilikuwa zimechanika hata akiosha vyombo anakunja uso. Kuti likikamilika aliliweka kuliani, na kila la kumi alilitenga peke yake. La kumi lilikuwa la Mungu. Mnunuzi akilipa nusu, au asilipe kabisa kama yule tuliyemshonea paa zima la hoteli, la kumi lilitengwa vile vile. Siku moja nikamwambia, dada, Mungu nyumba yake haivuji. Akacheka, akanijibu, "Ya mjane wa Barani inavuja." Maana makuti yale hayakuuzwa kuongeza sadaka. Yaliezeka nyumba za wajane, na mchungaji alijua, na katika wajane wale wako Waislamu waliokuja kumlilia nyuma ya hema lenu bila kuitwa mbele.

Mwaka 2023 maiti za Shakahola, msitu ule ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa, zikaanza kuletwa mochari ya Malindi. Kabla mambo hayajaisha zilikuwa zimepita 400, na kila mtu wa maombi akawa anatazamwa kwa jicho la pembeni. Mjukuu mmoja alipiga simu kutoka Nairobi: "Hawe, acha hayo ya kufunga, utatuletea Shakahola nyumbani." Akamwitikia kwa upole, akaagana naye, akawasha moto. Alipika mahamri, akajaza chai chupa mbili, tukapanda matatu mpaka hospitali, kwa sababu nje kulikuwa na watu waliotoka mbali kutafuta ndugu zao. Hakumhubiria mtu. Alimimina chai, akauliza jina la aliyepotea, akasikiliza. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, naye mwenyewe alikuwa amefunga. Hawe wenu alifunga ili alichojinyima yeye kimfikie mwingine. Anayemwambia mama amnyime mtoto maji ili akamwone Yesu hahusiani kabisa na mwanamke yule, na mnapowatia kapu moja mnamtukana marehemu.

Lililonikaa kooni ni hili. Miaka yake ya mwisho alikuwa akiamka usiku wa manane kuomba, kwa sauti, kwa Kigiriama. Kuna kijana katika ukoo huu, anajijua, aliyeanza kusema bibi anaongea na mapepo. Akaongeza kwamba macho yake ni mekundu. Yasiwe mekundu vipi? Amepuliza kuni tangu utotoni, kisha macho yakamsumbua na hakuna aliyempeleka kliniki. Na sote tunajua maneno kama hayo yanaishia wapi katika kaunti hii ya Kilifi. Wazee wanakatwa mapanga kwa kuitwa wachawi, na ukichimbua chini unakuta shamba. Chifu anaitisha baraza, watu wanalaani, wanatawanyika, halafu anazikwa mwingine. Makanisa yetu nayo yasijitoe. Nimesikia kwenye spika mhubiri akiuliza ni nani katika ukoo anayekufungia nyota yako, kisha akajibu mwenyewe kwamba ni bibi yako, na umati ukaitika amina. Vijana wenu wakatoka hapo wakaenda kumtazama mzee wao upya.

Mimi nililala kwake mara nyingi, chumba kile kile. Aliyokuwa akiyasema usiku ni majina yenu. Mmoja mmoja, kuanzia kifungua mimba hadi kitinda mimba, na shida ya kila mmoja: nani hana kazi, nani ndoa inamyumba, nani amerudia pombe. Kijana huyo wa mapepo, hawe alimtaja mara mbili.

Mengine ni mafupi. Biblia yake isichukuliwe na mtu mmoja. Ndani ya jalada ameandika siku za kuzaliwa za wengi wenu. Disko matanga lisirudi pale, hata mkisema ni la kuchangisha pesa. Dukani hakuacha deni. Shamba lisiguswe kabla ya kikao cha ukoo. Watoto wafundisheni Kigiriama.

Siwachukii, wanangu. Najua mmelia, na yule wa Doha nimemwona akishindwa kula. Lakini siku ya kuweka msalaba kaburini nataka wasifu mwingine usomwe. Huyo mtembeza watalii aende Jilore akaombe kutazamiwa rejista ya ubatizo, maana kuuliza anajua. Wa Nairobi aje na daftari, si simu, akae chini aandike ninapoeleza. Kijana wa mapepo naye aje. Asubuhi ndiyo nafuu kwangu, na mje na tuktuk. Bodaboda nyonga zangu zimeikataa.