Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Utunzaji wa Kumbukumbu kwa Mgeni Rasmi kuhusu Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Imani ya Umma

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, wazazi na walezi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wahitimu wenzangu wa mafunzo ya utunzaji wa kumbukumbu, nakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Tunafahamu kwamba wewe ni miongoni mwa wanaoshauri katika uandishi wa kanuni za ulinzi wa taarifa binafsi. Kwa sababu hiyo tumeona risala yetu isiishie kwenye maombi ya madawati na kompyuta, ingawa kompyuta nazo hazitoshi, bali ieleze jambo moja lililotushughulisha tangu siku ya kwanza ya mafunzo hadi leo, nalo ni kwamba ukweli wa kumbukumbu yoyote hutegemea imani ya mtu aliyeulizwa.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Sisi tunaohitimu leo ndio kata. Muda si mrefu tutakaa masjala, tutafungua majalada ya wagonjwa, ya wanafunzi, ya wateja wa benki na ya walipa kodi, na tutajua nani anadaiwa, nani anaugua nini na nani aliwahi kushtakiwa. Tulipoanza masomo tulidhani faragha ni kazi ya wanasheria na mafundi wa mifumo. Mafunzo kwa vitendo yalitubadilisha mawazo.

Katika ofisi moja tuliyopangiwa, kila aliyeingia alitakiwa kuandika jina lake, namba yake ya simu, anakoishi na shida iliyomleta, kwenye kitabu cha wageni kilichoachwa wazi mezani karibu na mlango. Aliyefuata kwenye foleni alisoma yote yaliyoandikwa juu ya mstari wake, na mwenye nia mbaya angeweza kupiga picha ukurasa mzima bila kuulizwa. Wiki ya tatu tuliagizwa kuwapigia simu wageni wa mwezi uliotangulia ili tuwajulishe kwamba nyaraka zao zipo tayari. Namba nyingi hazikupatikana, na nyingine zilipokelewa na watu ambao hawajawahi kukanyaga katika ofisi ile. Msimamizi wetu akalalamika kwamba wananchi hawasemi kweli. Sisi tuliokaa mlangoni wiki mbili tulikuwa tumewaona wakisoma kurasa za wenzao, wakisita, kisha wakiandika harakaharaka. Tukaelewa kwamba walikuwa wakijikinga kwa njia pekee waliyoachiwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, mtu asiyejua taarifa yake itaishia wapi hunyamaza au hudanganya, na kwa mtunza kumbukumbu yote mawili ni hasara ileile. Daktari aliyefichwa ugonjwa wa zamani atatoa dawa isiyofaa, na mtakwimu aliyejibiwa uongo atapanga mambo juu ya uongo. Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema kwamba sheria za faragha zinakwamisha kazi. Kwa jinsi tulivyoona, bila sheria hizo kazi yetu inabaki ni ya kuhifadhi kwa uangalifu mkubwa vitu visivyo vya kweli.

Jambo hili liliwahi kuitikisa nchi nzima. Mwaka 1983 Ujerumani Magharibi ilijiandaa kufanya sensa, na sheria ya sensa hiyo iliruhusu majibu ya wananchi yatumike pia kusahihisha daftari za wakazi zilizotunzwa na mamlaka za miji. Watu wengi walitangaza kwamba hawatajibu. Mahakama ya Katiba ilisimamisha zoezi, na katika hukumu yake ya tarehe 15 Desemba 1983 ikatamka kwamba kila mtu ana haki ya kuamua mwenyewe kuhusu utoaji na matumizi ya taarifa zake. Sensa yenyewe haikukatazwa. Kilichofutwa ni ule mchanganyiko wa kuchukua majibu yaliyotolewa kwa ajili ya takwimu na kuyapeleka kwenye daftari za utawala, na sensa ikaja kufanyika mwaka 1987 kwa sheria mpya. Tulipoisoma habari hii darasani tulibishana sana, kwa kuwa wapo wenzetu walioona serikali ilikuwa na haki ya kurahisisha kazi zake. Mkufunzi alituuliza swali moja tu: je, mgeni aliyeandika namba yake mlangoni ili aitwe, alikubali namba hiyo itumike pia kumdai kodi? Mabishano yakaishia hapo.

Somo la kubaki ndani ya lengo halijazoeleka hata baada ya miaka hiyo yote. Wakati wa janga la UVIKO-19, Singapuri iliwaomba wakazi wake watumie programu ya kufuatilia waliokutana na wagonjwa, ikiwahakikishia kwamba kazi ya programu hiyo ni hiyo tu. Zaidi ya robo tatu ya wakazi waliitikia. Januari 2021 bunge lao likaelezwa kwamba polisi nao wangeweza kuzipata taarifa hizo katika upelelezi wa makosa ya jinai, na kwamba zilikwisha kutumika katika kesi ya mauaji. Mwezi uliofuata ilipitishwa sheria ya kubana matumizi hayo kwenye aina saba za makosa makubwa. Hatusemi kwamba mauaji yasipelelezwe. Tunachosema ni kwamba sheria ile ilipaswa kutangulia ahadi, kwa sababu raia aliyeahidiwa jambo moja akatendewa jingine atakumbuka hivyo siku ya janga lijalo.

Uingereza nako, mpango wa kukusanya kumbukumbu za wagonjwa kutoka kwa madaktari na kuziweka katika kanzidata moja ulitangazwa mwanzoni mwa mwaka 2014 kwa vipeperushi vilivyotumwa majumbani, na wengi walivichukulia kama matangazo ya biashara au walisema hawakuviona kabisa. Zaidi ya watu milioni moja walikataa taarifa zao zitumike, na Julai 2016 mpango ukafungwa. Inasikitisha, kwa sababu utafiti wa tiba ungefaidika nao kwelikweli.

Ndugu Mgeni Rasmi, mara nyingi tunapouliza kuhusu usalama wa taarifa tunajibiwa, "Msiwe na wasiwasi, majina yamefutwa." Naomba nikae kidogo kwenye jibu hili. Katika miaka ya 1990, jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilitoa kwa watafiti kumbukumbu za matibabu za watumishi wake, na gavana akawahakikishia watumishi kwamba faragha yao imelindwa kwa kuwa majina yameondolewa. Latanya Sweeney, aliyekuwa bado mwanafunzi, alinunua kwa dola 20 orodha ya wapiga kura wa mji alimoishi gavana huyo, akalinganisha tarehe za kuzaliwa, jinsia na namba za posta, na akaipata kumbukumbu ya matibabu ya gavana mwenyewe. Baadaye alikadiria kwamba vitu hivyo vitatu peke yake vinatosha kumtofautisha mtu na wengine wote kwa asilimia 87 ya watu wa Marekani. Kwetu sisi habari hii ilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na anwani ni safu tatu za mwanzo katika karibu kila fomu tuliyofundishwa kuijaza.

Tunafahamu kwamba sheria zipo. Jimbo la Hesse, Ujerumani, lilitunga ya kwanza duniani mwaka 1970, na inafaa kukumbuka kwamba ilizilenga ofisi za serikali zenyewe kabla mtu yeyote hajaanza kuhofia kampuni za mitandao. Uswidi ilifuata mwaka 1973 kwa sheria ya nchi nzima. Kanuni ya jumla ya Umoja wa Ulaya kuhusu ulinzi wa taarifa ilianza kutumika tarehe 25 Mei 2018, na faini yake kwa makosa makubwa inaweza kufika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya kampuni ya mwaka duniani kote, kutegemea kipi ni kikubwa. Mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao na ulinzi wa taarifa binafsi ulipitishwa Malabo Juni 2014, lakini ulianza kutumika Juni 2023, miaka tisa baadaye, kwa sababu ulisubiri kuridhiwa na nchi 15. Ndani ya miaka hiyo tisa simu janja ilikwisha kuingia katika mifuko ya watu wengi.

Faini kubwa huandikwa magazetini. Mei 2023 kampuni ya Meta ilitozwa euro bilioni 1.2 kwa kuhamishia Marekani taarifa za watumiaji wa Facebook wa Ulaya. Hata hivyo, kwa maoni yetu, kinachojenga imani zaidi ya faini ni haki ndogo isiyotangazwa sana, yaani haki ya mtu kuuliza "mna nini kunihusu?" na kujibiwa. Mwaka 2011 Max Schrems, mwanafunzi wa sheria wa Austria, aliiuliza Facebook swali hilo akapewa kurasa zaidi ya 1,200, zikiwamo habari alizodhani amekwisha kuzifuta. Malalamiko yaliyofuata ndiyo yaliyofika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo Oktoba 2015 ilibatilisha mpango uliokuwa ukiruhusu taarifa hizo kuhamishiwa Marekani. (Wazazi mliopo hapa mtatambua kwamba mifano yetu miwili imeanza na mwanafunzi muulizaji. Tumeichagua kwa makusudi.)

Lipo pia suala la siku taarifa zinapovuja, kwa maana zitavuja tu, hata kwa wenye bidii. Mwaka 2016 wadukuzi waliiba taarifa za abiria na madereva milioni 57 wa kampuni ya usafiri ya Uber. Kampuni iliwalipa wadukuzi hao dola 100,000 na kunyamaza kwa takribani mwaka mzima, na mwaka 2018 ikakubali kulipa dola milioni 148 kumaliza madai ya majimbo ya Marekani. Estonia ilifanya kinyume. Septemba 2017 serikali yake ilitangaza hadharani kwamba kadi za utambulisho zipatazo 750,000 zina udhaifu wa kiusalama, ikaeleza itafanya nini, na Novemba ikasitisha vyeti vya kidijiti vya kadi hizo hadi virekebishwe. Wananchi wa nchi hiyo wanaendelea kupiga kura kwa intaneti. Kanuni ya Ulaya imeweka saa 72 za kumjulisha msimamizi wa ulinzi wa taarifa pale uvujaji unapogunduliwa, na sisi tunaona huo ni muda wa kutosha kabisa kwa ofisi inayojua majalada yake yako wapi. Ofisi isiyojua, hata ikipewa mwezi haitatoa maelezo yanayoeleweka.

Ndugu Mgeni Rasmi, kutokana na haya tunaomba yafuatayo yazingatiwe pale kanuni zitakapopitiwa. Ombi letu kubwa ni kwamba chombo kitakachosimamia ulinzi wa taarifa kiwe na uwezo wa kuingia katika ofisi za umma kama kinavyoingia katika kampuni, na bajeti yake isiwe mikononi mwa wale kinaowakagua. Mwananchi hana hiari mbele ya serikali: anaweza kuiacha programu ya simu asiyoiamini, lakini hawezi kuacha kusajili kizazi au kulipa kodi. Msimamizi anayeogopa kuigusa serikali, hata akizitoza kampuni faini kila wiki, hataaminika.

Tunaomba pia ridhaa isiwe kichaka cha kujificha. Fomu ya kurasa 20 yenye kisanduku cha kutia alama mwishoni haimpi mtu nafasi ya kuamua chochote, hasa anapokuwa mgonjwa au ana haraka. Tungependa kanuni ziwalazimishe wakusanyaji waeleze kwa lugha ambayo mtu wa kawaida anaizungumza, katika ukurasa mmoja, wanachukua nini, kwa kazi gani, watakaa nacho hadi lini na nani atakiona. Tena pale ambapo taarifa haihitajiki, isiombwe kabisa. Tumekutana na fomu zinazouliza dini na kabila la mtu anayeomba nakala ya risiti.

La mwisho linatuhusu wenyewe. Kila mfumo tutakaoutumia uandike nani amefungua jalada gani na saa ngapi, na mwenye jalada aruhusiwe kuisoma orodha hiyo, kama wanavyofanya Estonia. Tunajua kwamba tunajiwekea mtego sisi wenyewe, na baadhi yetu walinung'unika tulipolipigia kura ombi hili. Lilipita kwa kura nyingi.

Ulipofika asubuhi ya leo, Ndugu Mgeni Rasmi, hukukuta kitabu cha wageni mlangoni. Ulipewa kipande cha karatasi kinachouliza jina lako tu, ukakitumbukiza katika kisanduku chenye kufuli, na chini ya karatasi hiyo iliandikwa kwamba itachanwa sherehe ikiisha. Saa kumi na moja jioni tutakifungua kisanduku hicho mbele ya yeyote atakayependa kushuhudia, na tutafurahi ukibaki.

Tunaomba kuwasilisha.