Mofini ya mgongoni na wagonjwa wa utumbo

Ndugu Mhariri,

Mama akijifungua kwa upasuaji, ganzi ya mgongoni ni jambo la kawaida. Aliyekatwa utumbo je? Wengi huzinduka na maumivu yanayowazuia hata kukohoa, na asiyekohoa baada ya kupasuliwa tumbo yuko jirani na nimonia.

Dozi ndogo mno ya mofini (dawa kali ya maumivu), mara nyingi maikrogramu 100 hadi 300, ikichomwa kwenye maji ya uti wa mgongo hutuliza maumivu kwa takriban saa 24. Hivyo ile ya mshipani, inayofanya utumbo uchelewe kuanza kazi, hupunguzwa.

Madhara yake kama kuwashwa mwili na mkojo kugoma hutibika. Ninachohofia ni pumzi kufifia saa nyingi baadaye, usiku, muuguzi mmoja akihangaika na wodi nzima. Pasipo na kipimo cha oksijeni cha kidoleni, naloksoni ya kuizima mofini na mtu wa kuhesabu pumzi kila saa, sindano hiyo isichomwe. Ila hospitali za rufaa zenye vyote hivyo zinangoja nini?

Muuguzi wa chumba cha upasuaji,
Morogoro