Ukibadilisha kioo cha mbele, kamera nayo ilengwe upya

Mhariri,

Magari yanayoteremshwa Mombasa siku hizi si yale ya miaka kumi iliyopita. Kwa kuwa Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) haliruhusu gari kuukuu lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, Nairobi sasa imejaa Toyota, Subaru, Honda, Nissan na Mazda zenye kamera nyuma ya kioo cha mbele, pale juu karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Subaru ilianza kuuza mfumo wake wa EyeSight wenye kamera mbili huko Japani mwaka 2008. Toyota ikaleta wake, Safety Sense, mwaka 2015. Kamera hizo ndizo zinazoona mistari ya barabara, gari lililo mbele na mtu anayevuka, na ndizo zinazoliambia gari lijifungie breki dereva akichelewa.

Kokoto ikiruka kutoka kwenye tipa katika Barabara ya Mombasa na kupasua kioo, fundi hukata cha zamani, hubandika kipya, hurudisha kamera kwenye kishikio chake na kupokea malipo. Kwa gari lisilo na kamera, hapo kazi imeisha. Kwa gari lenye kamera, mteja ameondoka na kazi ambayo haijakamilika, na mara nyingi hakuna aliyemwambia.

Kamera haina habari kwamba kioo kimebadilishwa. Huamini kwamba bado inatazama pale ilipolengwa kiwandani. Ikipinda kwa digrii 1 kwenda kando, basi umbali wa mita 100 itakuwa imekosea kwa mita 1.75, na leni ya barabara kuu ina upana wa mita 3.5 hivi. Hiyo ni nusu ya leni. Gari lililosimama kando litasomeka kana kwamba limekuziba njia, breki zishike ghafla huku matatu ikikufuata kwa karibu. Au lile lililokuziba kweli lisomeke kuwa liko kando, na breki zisishike. Tena digrii 1 ni kitu kidogo mno: kwenye kishikio cha upana wa sentimita 10, inatosha upande mmoja ukae nje kwa chini ya milimita 2 kuliko mwenzake.

Kosa la juu na chini ni baya zaidi. Kamera ikiwa moja, hukadiria umbali kwa sehemu kubwa kwa kuangalia mahali magurudumu ya gari la mbele yanapogusa lami. Chukua kioo chenye kimo cha sentimita 90 na kamera iliyo mita 1.3 kutoka chini. Fundi akiacha gundi ya juu iwe nene kuliko ya chini kwa milimita 5, kamera huinama kwa theluthi moja ya digrii. Gari lililo mita 50 mbele litasomeka kana kwamba liko mita 64 hivi. Mita hizo 14 ni zaidi ya urefu wa basi. EyeSight hupima kwa njia nyingine, kwa kulinganisha picha za kamera mbili, lakini nayo ina udhaifu wake: kioo chenye mawimbi mbele ya kamera hupotosha picha hizo, na hakuna kulenga kunakoweza kutibu kioo kibovu.

Ndiyo maana uchaguzi wa kioo chenyewe ni hatua ya kwanza. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyoshikanishwa na utando wa plastiki katikati, unene wote ukiwa karibu milimita 5. Kabla hujalipa, soma maandishi madogo yaliyochongwa pembeni. Alama ya JIS ni ya Japani. Herufi E ndani ya duara pamoja na 43R ni ya kanuni ya Umoja wa Mataifa. AS1 ni ya Marekani. Kisichoandikwa chochote, usikubali kibandikwe. Kisha linganisha kioo kipya na cha zamani: kishikio cha kamera ni kilekile? Nafasi ya sensa ya mvua ipo? Utando wa kupunguza kelele upo? Gari linaloakisi spidi kwenye kioo huhitaji kioo chenye utando ulionenepa upande mmoja. Ukiweka cha kawaida, dereva huona namba mbilimbili. Na kishikio kilichong'olewa kwenye kioo cha zamani kikagundishwa kwa mkono kwenye kipya, jambo linalofanyika sana, hakiwezi kukaa pale kiwanda kilipokiweka.

Kwenye ubandikaji ndipo kazi nyingi huharibika. Kioo hukatwa kwa waya au kisu maalum, na rangi ya fremu ikikwaruzwa ni lazima ipakwe praima, rangi ya kwanza ya kukinga chuma, papo hapo, la sivyo kutu itaanza chini ya gundi ambako hakuna jicho litakaloiona. Gundi ya zamani haikwanguliwi hadi chuma. Huachwa tabaka la milimita 1 hadi 2, kwa sababu gundi mpya hushika vizuri zaidi juu ya gundi ya zamani iliyo safi kuliko juu ya rangi. Ukikuta kutu, sugua mpaka chuma king'ae, paka rangi ya epoksi na uiache ikauke. Gari hilo halitoki siku hiyo, na fundi anayesema litatoka hana nia njema na mteja.

Gundi yenyewe iwe urethani ya vioo vya magari, ambayo tarehe yake haijapita. Mdomo wa tyubu hukatwa umbo la V ili gundi itoke kama pembe tatu yenye kimo cha milimita 10 hadi 12, ikizunguka fremu yote bila kukatika. Kioo huwekwa kabla gundi haijafanya ngozi juu. Silikoni, hasa ile inayonuka kama siki, haifai kabisa. Haina nguvu ya kushikilia kioo, baadhi yake hula chuma, na ikishapakwa, urethani itakayofuata haitashika vizuri mpaka ile ya kwanza iondolewe yote. Kumbuka pia kwamba kwenye magari mengi mfuko wa hewa wa abiria wa mbele hufumuka kwa kuegemea kioo. Kioo kikitoka, mfuko hauna pa kuegemea, na abiria hana kinga.

Urethani hukauka kwa unyevu wa hewani, na baridi huichelewesha. Zipo za saa 1, zipo zinazotaka nusu siku au siku nzima, na muda huo hupimwa kwa joto la nyuzi 23 hivi. Asubuhi ya Julai hapa Nairobi, nyuzi zikiwa 12, ongeza muda. Acha dirisha moja wazi kidogo ili mlango ukifungwa kwa nguvu hewa isisukume kioo kabla hakijashika. Usilipeleke gari kuoshwa kwa mashine ya presha kwa siku mbili.

Gundi ikishashika ndipo kamera hulengwa, si kabla, kwani kioo bado husogea kidogo kikitulia. Kulenga kuko kwa namna mbili: karakanani mbele ya ubao wenye alama maalum, au barabarani gari likiendeshwa. Mtengenezaji ndiye anayeamua gari lipi linataka ipi, na mengine hutaka zote mbili.

Ya karakanani huanza kwa kuliandaa gari, na hapo ndipo wengi huharakisha. Upepo wa magurudumu uwe ule ulioandikwa kwenye nguzo ya mlango. Buti litolewe mizigo. Alainmenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, ikaguliwe kwanza, maana gari linalokwenda mshazari litailenga kamera mshazari. Kioo kisafishwe kwa ndani pia. Mafuta ya vidole na ya kung'arishia dashibodi huacha ukungu mbele ya lenzi. Chaja iunganishwe kwenye betri, kwa kuwa swichi hukaa imewashwa muda mrefu na umeme ukishuka kazi hukatika katikati.

Lipo na suala la spesa, vile vipande vya kuinulia gari. Magari mengi ya Nairobi yameinuliwa kwa spesa ili yavuke matuta na mashimo, nyuma pengine zaidi kuliko mbele. Gari la namna hiyo huinamisha kamera hata kama kioo hakijaguswa. Mwambie fundi mapema. Baadhi ya mashine huuliza kimo kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, na ukiandika kimo cha kiwandani huku gari limeinuliwa, umeidanganya kamera.

Sakafu iwe tambarare kweli. Ua wa murram wenye mteremko wa kupeleka maji mtaroni haufai, na karakana nyingi za Kirinyaga Road na Kariobangi zina ua wa aina hiyo. Mstari wa katikati ya gari hupatikana kwa timazi mbili, moja katikati ya mbele na moja katikati ya nyuma, kisha uzi huvutwa kupitia alama hizo hadi mahali pa ubao. Umbali na kimo cha ubao hupimwa kwa milimita, kulingana na maelekezo ya modeli yenyewe. Jua lisipige ubao moja kwa moja, na nyuma yake pasiwe na mabati yanayong'aa. Hapo ndipo mashine ya kompyuta huunganishwa na kuiamuru kamera ijisome upya.

Ya barabarani hutaka mistari iliyo wazi, lami kavu na mwendo usiokatika kwa dakika kadhaa, pengine nusu saa. Ndani ya mitaa haiwezekani, rangi imefutika. Thika Road, Southern Bypass au Nairobi Expressway, yenye kilomita 27 kati ya Mlolongo na Westlands, zinafaa wakati hakuna msongamano. Waiyaki Way saa kumi na moja jioni ni kupoteza mafuta. Kazi ikiisha, tafadhali mtu asijaribu breki kwa kuliendesha gari kuelekea kwa mwenzake. Ushahidi ni karatasi ya mashine, inayoonyesha makosa yaliyokuwamo kabla na matokeo baada ya kulenga.

Huambiwa wateja kwamba taa ya dashibodi isipowaka basi kamera iko sawa. Si kweli. Taa huwaka kamera ikijua ina tatizo, na kamera iliyopinda kidogo huenda isijue. Tena magari mengi yaliyotoka Japani huandika ujumbe wake kwa Kijapani, ukapita bila kusomwa. Baya kuliko yote ni kufuta kosa kwa mashine ili taa izimike bila kulenga chochote. Huko ni kumdanganya mtu kuhusu breki zake.

Japani yenyewe iliona hatari hii. Tangu Aprili 2020, sheria yao inataka karakana inayotoa kioo chenye kamera ya breki za kujifunga iwe na kibali maalum, na karakana zilizokuwa tayari zikifanya kazi hiyo zilipewa hadi Machi 2024 kukipata. Sisi tunanunua magari yaleyale. Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA) inaweza kuanza na jambo dogo: risiti ya kioo iseme kama gari lina kamera, kama imelengwa, na nani aliyeilenga.

Kwa kampuni za bima, bima kamili huweka kiwango chake cha kioo, mara nyingi shilingi 30,000 au 50,000. Kiwango hicho kilipangwa wakati kioo kilikuwa kioo tu. Leo kinaweza kumalizwa na kioo chenyewe, kisha mteja akaacha kulenga kwa kukosa pesa. Mwenye gari lenye kamera aongeze kiwango hicho anapolipia bima, kabla kokoto haijaruka, na aombe iandikwe kwamba kulenga kamera kumo. Mamlaka ya Kusimamia Bima nayo iyatake makampuni yaseme wazi kama kumo au hakumo.

Si kila ufa hudai kioo kipya. Tundu dogo kuliko sarafu ya shilingi 20, lisilo mbele ya macho ya dereva wala mbele ya kamera, hujazwa utomvu maalum na kukaushwa kwa taa ya urujuanimno (UV). Lifunike kwa selotepu angavu siku hiyohiyo ili vumbi na maji visiingie, na usimwagie maji baridi kioo kilichochomwa na jua. Lililo mbele ya kamera lisijazwe, kwa kuwa alama itakayobaki hupinda mwanga.

Na aliyebadilishiwa kioo zamani bila kamera kulengwa hajachelewa. Kioo hakihitaji kutolewa tena ikiwa kilibandikwa vizuri na kishikio ni cha kiwandani. Dalili ni usukani kuvuta upande mmoja gari likifuata mistari, onyo kulia pasipo na kitu, au breki kushika mahali wazi. Hadi siku ya kulenga, azime usaidizi wa kufuata leni na ule wa kufuata mwendo wa gari la mbele, na amjulishe yeyote anayeliendesha gari hilo.

Fundi wa vioo vya magari,
Eneo la Viwanda, Nairobi